Dumu Lililobaki Nusu

Hotuba kwa mafundi, madereva na vijana wanaojifunza ufundi wa magari, Kizota, Dodoma

Wazee wangu mlioko hapa mbele, shikamooni. Mbukwenyi! Mafundi wenzangu, madereva, wenye magari mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi ya Jumamosi, na ninyi wanangu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie injini. Injini ni habari ndefu, hata nikipewa siku tatu sitaimaliza. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, ambalo hatulifundishi sawasawa wala hatulitozi hela, na ndilo linaloturudishia magari gereji wiki ile ile tuliyoyatoa. Ni hewa inayobaki kwenye njia za maji baada ya injini kufumuliwa na kufungwa upya.

Kabla sijaendelea, tazameni lile gari jeupe pale nje chini ya mwarobaini. Jana tumelibadilishia gasketi ya hedi, ule utandu unaoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu. Juzi, kijana wangu alipokuwa anamwaga kulanti ya zamani, yaani maji ya kupozea injini, nilimwambia aikinge kwenye beseni, aipime kwa jagi la lita moja, kisha aandike kwa chaki ukutani. Ameandika lita 7 na nusu. Asubuhi ya leo, na injini ikiwa ya baridi kabisa, amejaza rejeta mpaka mdomoni. Dumu alilotumia ni hili hapa mezani. Lilikuwa limejaa, lita 10. Naomba lisiguswe, tutalihitaji.

Nimekulia Bahi, upande wa mbugani. Kiangazi kikikolea, maji tuliyafuata mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Mnachimba kwa mikono na bakuli mpaka mchanga unalowa, mnasubiri maji yajikusanye, ndipo mnachota. Nilikuwa na kibuyu changu, shingo nyembamba, tumbo kubwa. Siku za kwanza nilikuwa nakizamisha wima na kukikandamiza kwa pupa. Kinagoma. Kinatoa sauti mara mbili tatu, gluglu, gluglu, kinatulia, nami najua kimejaa. Nikikitwika kichwani nasikia maji yanacheza ndani. Bibi yangu hakuwa msemaji sana. Siku moja alikichukua mkononi mwangu, akakilaza ubavu, mdomo nusu ndani ya maji na nusu nje. Kibuyu kikaanza kunywa taratibu. Maji yakaingia upande wa chini, hewa ikatokea upande wa juu, mpaka kikanyamaza chenyewe.

Miaka mingi baadaye nilipoanza kazi ya gereji, fundi aliyenipokea aliniambia nimimine maji polepole kwenye rejeta, hakunieleza kwa nini. Nilisikia ile gluglu, nikamkumbuka bibi.

Injini ni kibuyu chenye vyumba vingi na shingo moja. Maji unayoyamwaga, nafasi yake inachukuliwa na hewa. Ukifungua hedi, njia zote ndani ya bloku zinakauka, mipira inakauka, na hita iliyojificha nyuma ya dashibodi nayo inakauka. Ukishafunga, unamimina kulanti kwa juu nayo inateremka kwa uzito wake, wakati hewa inatafuta njia ya kupanda. Kama sehemu ya juu kuliko zote ingekuwa mdomo wa rejeta, hewa yote ingetokea hapo na kazi ingekwisha. Magari mengi tunayoyashika hayakuundwa hivyo. Rejeta imeshushwa ili boneti iwe chini, hedi iko juu yake, nyumba ya themostati, ule mlango wa maji unaofunguka kwa joto, iko juu, na mipira ya hita inapanda hadi kwenye ukuta wa dashibodi kisha inashuka. Kila mahali njia inapopanda na kushuka, hapo juu hewa inajibanza kama nyani kwenye mbuyu. Maji yanapita chini, yeye hashuki.

Haisi za zamani na Noah za zamani, zile ambazo injini iko chini ya viti, ndizo ngumu zaidi. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma yake mbali, na kati yao kuna mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu. Mnajua jinsi mpira mrefu wa kunyonyea maji unavyokataa kutiririsha ukiwa na hewa katikati. Basi ni mambo hayo hayo.

Halafu kuna mlango unaosahaulika. Injini ikiwa ya baridi themostati imefunga. Ndani yake mna nta inayotanuka kwa joto na kusukuma vali, na nyingi tunazozifunga huanza kufunguka kwenye digrii 82 hivi, nyingine 88. Kabla ya hapo maji ya rejeta na maji ya injini ni watu wa nyumba mbili. Ndiyo maana themostati nyingi zimewekewa tundu dogo lenye kipini kinachochezacheza. Nimeona mafundi wanaifunga bila kuangalia kipini kimeelekea wapi, kana kwamba ni pambo. Hilo tundu ni dirisha la hewa. Lifungeni likitazama juu, isipokuwa kitabu cha gari hilo kiseme vingine. Likitazama chini hewa itakaa nyuma ya mlango, na mtajaza rejeta mpaka imwagike huku injini ina kiu.

Sasa hewa hiyo ina ubaya gani? Wapo wanaosema itatoka yenyewe njiani. Kuna magari ambayo kweli huitoa, yale yenye kopo la akiba lililo juu na lenye presha, ambalo maji yanapita ndani yake muda wote. Lakini usimpe mtu gari kwa kutegemea bahati hiyo.

Pampu ya maji ina mapanga yanayosukuma maji. Ikishika hewa, mapanga yanazunguka bure kama mwiko kwenye sufuria tupu, na mzunguko wote unasimama. Hilo la kwanza. La pili ni chuma chenyewe. Maji yakigusa chuma cha moto yanachukua joto na kuondoka nalo, hewa haina uwezo huo. Pale penye kiputo, hasa kwenye hedi ya alumini karibu na vali za moshi, joto linabaki palepale. Maji ya jirani yanachemka, yanageuka mvuke, mvuke unakikuza kile kiputo, na chuma kinazidi kukosa maji. Alumini hutanuka sana ikipata joto. Ikitanuka upande mmoja kuliko mwingine, hedi inapinda, na gasketi uliyoinunua jana inaachia.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi kwa sababu linamdanganya dereva mwaminifu. Sensa ya joto, kile kifaa kinachopima joto na kuupa habari mshale wa dashibodi, imetengenezwa ikae ndani ya maji. Ikiwa ndani ya kiputo haipimi tena maji, inapima kilichoizunguka. Mshale kwenye dashibodi unaweza kukaa chini kwa utulivu huku hedi inaungua. Dereva anautazama, anaona mambo shwari, anakanyaga mafuta. Kisha kiputo kinasogea, maji ya moto yanaifikia sensa, na mshale unaruka mpaka kwenye nyekundu kwa ghafla. Atakwambia, "Fundi, lilikuwa zuri kabisa, likachemsha ghafla." Mwaminini. Anasema alichokiona.

Na sisi wa huku bara tuna jambo letu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 300 maji yanachemka digrii 1 mapema. Chai inayochemka kwa digrii 100 pale Dar es Salaam, hapa inachemka kwenye 96 hivi. Injini nzima inafanya kazi kati ya 85 na 95. Hesabuni wenyewe kimebaki nini. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta, ule ulioandikwa 0.9 au 1.1 kwa juu. Hiyo ni presha inayoruhusu maji yafike zaidi ya digrii 110 bila kuchemka, na kulanti yenyewe inaongeza kidogo. Mfuniko ukichoka, ule mpira wake ukikauka na kupasuka, mmerudi kwenye 96. Kila ninapofunga hedi nabadilisha mfuniko. Wateja wengine wananung'unika. Nawaonyesha ule mpira uliopasuka, nawaachia waushike.

Ninayoyasema yana gharama yake, na nitawaeleza nilivyoyalipia.

Mwaka 2009 niliwekewa Haisi, gasketi ya hedi imeungua. Mwenyewe alikuwa mtu mzima, mpole, tukiitana jina la ukoo kwa heshima. Gari lilikuwa la kubeba abiria, na lilipokuwa bado kwangu akapata msiba Manyoni. Ndugu zake walitakiwa waondoke jioni ile ile ili wawahi kuzika kesho yake asubuhi. Walikaa pale uani kwangu tangu saa tisa, wazee kwa akina mama, mizigo imefungwa. Kila nusu saa mmoja anainuka, anauliza kwa adabu, "Mama, bado?" Hakuna aliyenifokea. Ningefokewa labda ningekasirika, nikasema gari haliondoki. Upole wao ndio uliniharakisha.

Hedi nilikuwa nimeifunga vizuri. Hilo nasema bila kujitetea, boliti nilizikaza kwa mpangilio na kwa kipimo. Jua lilikuwa linazama nilipoanza kujaza. Nikamimina mpaka mdomoni, nikafunga mfuniko, nikaliwasha, nikaliacha silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa dakika kumi. Mshale ukapanda ukafika mahali pake ukakaa. Mlio mzuri. Nikampa funguo. Waliondoka magharibi, wakanipungia mikono.

Saa tatu usiku simu ikalia. Walikuwa wameshavuka Bahi, wameanza kupanda Saranda, pale ukingo wa Bonde la Ufa unapoinuka kuelekea Manyoni. Gari limechemsha, mvuke unatoka chini ya kiti, limezimika halizunguki. Kwenye tambarare ya Bahi liliwavumilia. Mlima ulipotaka nguvu, hewa iliyokuwa mahali ikahama.

Sikulala. Nilirudi gereji na tochi, sijui nilikuwa natafuta nini. Nikaliona dumu. Ile Haisi tulipoimwaga ilitoa beseni zima na sehemu ya pili, nilikumbuka vizuri kwa sababu nilisaidia kuibeba. Na dumu nililojazia lilikuwa limebaki karibu nusu. Lilikuwa limesimama kwenye benchi mbele ya macho yangu muda wote nilipokuwa nasikiliza mlio wa injini. Nilikaa chini sakafuni, nikaliangalia.

Alfajiri nikaenda Saranda. Wazee wale walikuwa wamelala pembezoni mwa barabara kwa vitenge. Lori lilikuwa limewachukua baadhi yao, wengine hawakuzika. Hedi nilipoifungua na kuilaza rula ya chuma juu yake, jani la kupimia, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, liliingia kwa wepesi hapo katikati, maana yake hedi imepinda. Gasketi imekatika kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nikaipeleka kuchongwa kwa hela yangu, nikanunua gasketi nyingine kwa hela yangu, na nauli za watu nikarudisha. Mwenye gari hakusema neno baya hata moja. Aliniuliza tu, "Sasa limepona?" Kuanzia siku hiyo sijawahi kukabidhi gari jioni ya siku niliyojaza maji.

Basi ninavyofanya sasa ni hivi, na vijana andikeni, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kinga na pima kinachotoka. Ikiwa gari limekuja limeshavuja, kitabu chake kitakuambia uwezo wa mfumo, tafuta kwenye simu kama kitabu hakipo. Namba hiyo ni mizani yako. Kilichoingia kikiwa pungufu ya namba hiyo, tofauti yake ni hewa, hata kama rejeta imejaa mpaka inamwagika.

Inua mdomo wa kujazia uwe juu kuliko sehemu nyingine zote. Kwa magari mengi ni kuinua pua. Tumia mteremko au jeki na stendi zake, na magurudumu ya nyuma yawekee magogo. Stendi, wanangu, nimesema stendi. Tofali hupasuka bila kuaga. Huku ndiko kukilaza kibuyu.

Weka hita kwenye joto la mwisho. Najua mnacheka, nani anawasha hita Dodoma? Kwenye baadhi ya magari kitufe hicho kinafungua vali ya maji, usipokifungua utakuwa umefunga chumba kizima pamoja na hewa yake. Kwenye mengine maji yanapita muda wote, lakini hita itakusaidia kupima, nitalifikia hilo.

Tafuta skrubu ya kutolea hewa. Si kila gari linayo. Nyingine ipo kwenye nyumba ya themostati, nyingine kwenye bomba la juu, na baadhi ya Subaru zina kiziba pembeni juu ya rejeta. Ilegeze kabla ya kumimina. Mwanzo itapuliza hewa, kisha itatema povu, kisha maji yaliyochanganyika na mapovu, kisha utatoka uzi wa maji uliotulia. Hapo ndipo unaifunga. Nyingi ni za shaba au plastiki, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Mimina polepole. Mimi natumia chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoikata kitako, naigeuza, nazungushia mpira wa tyubu kwenye mdomo wake ikae imara kwenye rejeta. Kulanti inasimama ndani ya chupa juu ya mdomo, kwa hiyo sasa chupa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, na kila kiputo unakiona kikipita. Unapojaza, shika mpira wa juu, ule unaounganisha injini na rejeta kwa juu, ubinye, uachie, ubinye, uachie, kama unakamua. Utasikia ile gluglu. Ikinyamaza endelea kubinya, itaanza tena. Vijana wengi huacha inaponyamaza mara ya kwanza.

Sasa washa, mfuniko ukiwa nje na chupa ikiwa mahali pake. Liache silensa. Simama hapo. Usiende kunywa chai, usishike simu. Kwa dakika kadhaa hutaona jambo kubwa, vijiputo vidogo tu kama vya soda. Weka kiganja karibu na mpira wa juu. Utakuwa wa baridi, kisha vuguvugu, kisha ghafla wa moto. Hapo themostati imefunguka, na hapo maji kwenye chupa yatashuka kama yamemezwa. Ongeza. Yatapanda, yatatema kiputo kikubwa, yatashuka tena. Ongeza. Yakianza kutulia, mwambie mwenzako akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, ashikilie kidogo, aachie. Itatoka hewa ambayo silensa peke yake isingeitoa. Kaa pembeni na funika uso, hayo maji yanaruka.

Subiri feni iwake na izime, kisha iwake na izime tena. Kwa gari lenye feni ya mkanda, angalia mipira: wa juu uwe wa moto, wa chini nao uwe umepata joto. Juu moto na chini baridi kabisa maana yake maji hayazunguki. Ingia ndani, weka mkono kwenye matundu ya hita. Hewa ya moto inayotoka bila kukatika inakuambia chumba cha hita kimejaa maji. Ikija moto kisha baridi, au ukisikia kama kijito kinapita nyuma ya dashibodi, bado. Rudia.

Kazi yote hiyo ni dakika 40, wakati mwingine saa nzima. Kisha funga mfuniko, jaza kopo la akiba mpaka kati ya mistari miwili, lipeleke gari mwenyewe. Mimi natoka hapa Kizota, nakwenda mpaka vilima vya Chimwaga kule UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, narudi. Kisha naliacha lilale. Injini ikipoa, maji yanasinyaa na kuvuta kutoka kwenye kopo, hapo hewa ya mwisho inapata nafasi ya kukaa juu. Asubuhi, likiwa baridi, nafungua mfuniko. Karibu kila mara linaomba glasi moja au mbili. Glasi hizo mbili ndizo zingekuwa Saranda.

Likiwa baridi, nimesema. Mfuniko usifunguliwe gari likiwa la moto, hata kwa tambara lenye maji, hata kama abiria wanapiga kelele. Presha ikiondoka ghafla, maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia. Kovu hili kwenye mkono wangu lina umri mkubwa kuliko baadhi yenu.

Kuhusu maji yenyewe sitakaa sana. Maji ya visima vya huku mnayajua, angalieni birika zenu nyumbani, ule ukoko mweupe. Unaoganda kwenye birika unaganda pia kwenye hedi na kwenye rejeta. Tumieni kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ile nzito changanyeni nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Na msinunue kwa rangi. Kijani au nyekundu ni rangi tu, someni kilichoandikwa.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu: kung'oa themostati. "Nchi ya joto, mama, ya nini?" Injini ya kisasa imepangwa ifanye kazi kwenye joto lake. Ikibaki baridi asubuhi nzima inakula mafuta na inalika. Na kwenye injini nyingi za Toyota, themostati inapofunguka huwa inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka palepale bila kwenda kupozwa. Mtu ameing'oa ili gari lisichemshe, kumbe amelipunguzia upoaji mlimani.

Kuna mapovu ambayo hayaishi. Haya msiyafananishe na hewa ya kujazia. Hewa iliyobaki hupungua, ukisubiri inakwisha. Ukikaa saa nzima na chupa bado inatoa mapovu yale yale kwa mpigo ule ule, hiyo ni gesi ya moto inayopenya kutoka kwenye silinda. Hedi haikukaa, au imepasuka. Jaribu asubuhi gari likiwa limelala: funga mfuniko, washa, shika mpira wa juu. Ukigeuka mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili wakati maji bado hayajapata joto, usimdanganye mteja kwamba ni hewa. Kipo pia kipimo cha maji ya bluu, ukikiweka juu ya mdomo wa rejeta ya gari la petroli na moshi ukakifikia, kinageuka njano. Mafundi wanne mkichanga mnakinunua na kukitumia kwa zamu.

Sasa nageukia wenye magari, na nawaomba mnisikilize kama ndugu. Fundi akikwambia gari limekwisha kufungwa lakini njoo kesho, usidhani anakuzungusha. Usiku ule ni sehemu ya matengenezo. Ukimtolea sauti, au ukimbembeleza kwa upole kama nilivyobembelezwa mimi, unamsukuma kukupa gari lenye hewa. Na siku mbili tatu za kwanza usilipeleke Iringa kupitia Mtera ukapande Nyang'oro na mzigo. Zunguka hapa mjini. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, angalia kopo la akiba. Ukiona mshale unapanda na kushuka, au hita imetoa baridi, simama, zima, piga simu. Gari lililozimwa mapema linarudi na gasketi yake.

Na wenzangu wenye gereji: saa hiyo moja ya kutoa hewa iandikeni kwenye bili. Iandikeni kwa jina lake, "kutoa hewa na kukagua asubuhi," na hela yake pembeni. Kazi isiyo na bei ndiyo ya kwanza kurukwa jua likizama, na kijana unayemlipa kwa idadi ya magari hawezi kusimama na chupa dakika 40 kwa mapenzi tu.

Sasa turudi kwenye dumu letu. Wewe mwanangu mwenye fulana ya bluu, njoo hapa mbele. Linyanyue. Zito, siyo? Chukua jagi, tupimie mbele ya watu kilichobaki, jagi kwa jagi.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano, na limekwisha.

Lilikuwa na 10, zimebaki 5. Zimeingia 5. Ukutani pameandikwa 7 na nusu, na rejeta ile pale nje imejaa mpaka mdomoni, mkitaka mkaione. Lita 2 na nusu bado hazijaingia, na mahali pake pana hewa. Haya, chukueni chupa iliyokatwa, jeki na stendi mbili. Gari bado ni baridi. Tutoke nje tukaliinue pua.